Mvumo wa Inveta Sikioni mwa Mama

Mama alianza kwa kuacha kuongea ndani ya nyumba. Hakuwa amenuna, wala hakuwa mgonjwa. Nikimwamkia asubuhi akiwa chumbani kwake, alitikisa kichwa tu, akachukua kanga yake ya pili, akatoka mpaka nyuma kwenye tenki la maji. Pale ndipo aliponijibu kwa sauti. "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Mwanzoni nilidhani anafuata jua. Hapa Mlali asubuhi kuna ubaridi unaoshuka kutoka milimani, na mama alikuwa amezoea kulisubiri jua uani tangu akiwa kwake, huko juu upande wa Mgeta. Lakini hata siku za mawingu alitoka vilevile. Mvua ikinyesha alisimama chini ya kipenu cha jiko la kuni, akaniita kwa mkono, akaniambia alichotaka kuniambia, kisha akarudi ndani na kufunga mdomo wake kama mtu aliyeingia msibani.

Alikuwa ameshuka kuja kukaa nasi kwa sababu ya masikio. Watu walikuwa wakimsalimia njiani asisikie, na huko kijijini ikaanza kusemwa kwamba ana maringo siku hizi. Nikampeleka hospitali mjini Morogoro, akapimwa, akapewa kifaa cha kuvaa nyuma ya sikio la kulia. Yeye alikiita kidude. Siku ya kwanza alipokivaa alisimama uani akiwasikiliza kuku wakiparua majani makavu, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Ndiyo maana kimya chake kilinishangaza. Mtu amerudishiwa masikio, kwa nini afunge mdomo?

Nyumba yetu ni ya mwisho kabisa kabla ya mashamba, na nguzo za umeme ziliishia kwenye shule ya sekondari ninakofundisha. Kwa miaka mingi tuliishi na taa ndogo za sola, zile zinazotosha kumwona mtu usoni na kusahihisha madaftari. Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, mbali na hapa, na huja nyumbani mwisho wa wiki kwa pikipiki. Ni yeye aliyeamua sasa basi, tuwe na umeme wa maana. Akatafuta fundi. Paneli zikapandishwa kwenye bati, betri ikawekwa stoo, na inveta, sanduku jeupe la kugeuza umeme wa betri uendeshe vyombo, lenye kioo kidogo kinachowaka namba, ikafungwa kwenye ukuta wa korido, pembeni ya mlango wa chumba cha mama. Wiki hiyohiyo tukaleta friji. Nilikuwa nimeitaka friji hiyo kwa muda mrefu, maana nilikuwa nagandisha mtindi na kuwauzia walimu wenzangu.

Tangu siku ya kwanza nyumba ilibadilika sauti. Feni ya sebuleni ilitoa mlio wa chini, kama mtu anayeimba kanisani bila kufumbua kinywa. Redio ilikuwa ikikoroma chini ya sauti ya mtangazaji, na ukiichomoa kwenye soketi ukaiwekea betri, mkoromo unakwisha. Ukigusa mlango wa friji ukiwa peku, vidole vinatekenywa. Nilimwita fundi akaja, akaweka kiganja chake juu ya sanduku kama daktari anayepima homa.

"Ni vitu vipya hivi, mama," aliniambia. "Vikizoeana vitatulia."

"Na ule waya wa kwenda ardhini, uliuchimbia?"

"Upo nyuma ya nyumba. Nimeufukia vizuri."

Sikuuona, nikajiambia kwamba kitu kilichofukiwa hakionekani. Lakini tangu siku hiyo sikumwamini yule fundi, na kila nilipopita korido nililitazama lile sanduku kwa jicho la pembeni.

Mume wangu yeye alilipenda. Fundi alikuwa amemwekea programu kwenye simu, na siku aliporudi kutoka kazini mara ya kwanza baada ya umeme kuwaka, alikaa sebuleni akatuonyesha mistari ya rangi inayopanda na kushuka. "Nikiwa kule kiwandani naona kila kinachoendelea humu ndani," alisema. "Safari hii hamnifichi kitu." Akacheka, nami nikacheka. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi la pembeni, kidole kikiwa nyuma ya sikio. Hakucheka.

Baada ya hapo ndipo akaacha kuongea ndani.

Siku moja ya mapumziko nilimfuata kwenye tenki, nikakaa naye kwenye tofali. Nikamuuliza nini kinamsumbua. Alitazama nyuma yangu, kuelekea dirisha la korido, kisha akaniambia kwa Kiluguru, lugha ambayo mume wangu, mtu wa Mbeya, haijui zaidi ya salamu. Alisema ndani ya nyumba kuna kitu kinampumulia sikioni. Kinaanza, kinavuma kwa muda, kinanyamaza, kinaanza tena. Kiko kila mahali, lakini chumbani kwake na kwenye korido kiko karibu sana. Hapa kwenye tenki hakifiki.

"Kilianza lini, mama?"

"Tangu lilipoletwa lile sanduku la mumeo."

Mimi pia nilisikia feni na redio, lakini kitu kinachopumua sikukisikia. Nikaogopa. Nilikuwa nimeona wazee wakianza hivyo, kwanza sauti, kisha wanawasahau watoto wao. Jioni ile nikampigia mume wangu, nikamweleza kwa upole. Akasema jambo lililonikaa rohoni.

"Pole, mke wangu. Umri huo. Labda tuzungumze naye mapema kuhusu lile shamba la juu, kabla hajaanza kuchanganya mambo."

Sikumwelewa. Nilikuwa nimempigia kuhusu sikio la mama yangu, yeye akanijibu kuhusu shamba.

Shamba lenyewe ni matuta yanayoshuka kama ngazi hadi kwenye kijito, mama akilima njegere, kabichi na viazi. Juu yake kuna mti mkubwa wa plamu. Ni ardhi ya ukoo, na kwetu Waluguru ardhi ya namna hiyo hupita kwa wanawake. Bibi alimwachia mama, na mama ataniachia mimi. Mume wangu anajua hilo tangu aliponioa. Hakuwahi kulizungumzia shamba lile isipokuwa kusema kwamba njia yake inachosha magoti.

Kisha friji ikaanza kuzimika. Nilikuwa narudi kutoka shuleni nakuta nyumba kimya kabisa, kioo cha inveta kimekufa, na mtindi umechachuka ukatoa maji. Nikibonyeza swichi, vinawaka vyote kama kawaida. Ilitokea, ikatokea tena. Nikaanza kumshuku mpangaji wetu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na chumba cha uani na waya wake umetoka kwenye umeme wetu. Niliona nguo zake zimenyooka mno. Nikajiambia huyu ana pasi, au anachemsha maji kwa umeme, anaielemea mashine mpaka inazima. Jioni moja nikamgongea.

"Dada, samahani. Unatumia pasi ya umeme?"

Alifungua mlango wote. "Ingia uangalie, dada. Pasi yangu ya mkaa hii hapa, na jiko la gesi lile."

"Mchana inveta inazimika."

"Mchana mimi niko darasani kama wewe." Aliniangalia usoni. "Anayebaki nyumbani mchana ni nani?"

Niliondoka nikiwa nimekasirika, lakini swali lake nilirudi nalo ndani. Kesho yake mume wangu akanipigia kutoka kazini, sauti yake imekaza. "Mashine inazimwa. Haijizimi, inazimwa kwa swichi. Naona hapa, kila siku karibu na saa sita. Kuna mtu ana ufunguo wa nyumba?"

Alikuwa amesema kweli siku ile. Alikuwa anaona. Nilisimama kwenye ofisi ya walimu na simu sikioni, nikahisi kwamba mtu aliye mbali na nyumba yangu anaijua kuliko mimi ninayelala humo, na sikulipenda jambo hilo.

Siku iliyofuata nilimwomba mwenzangu anishikie kipindi, nikatembea haraka hadi nyumbani. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa tu. Nilivua viatu nikaingia polepole. Kwenye korido nilimkuta mama amesimama mbele ya inveta, ameinua mwiko wa ugali kwa mikono miwili, anausogeza kwenye swichi kama mtu anayemsukuma nyoka kwa kijiti. Swichi ikalia tak. Kioo kikazimika. Jikoni friji ikatetemeka mara moja, ikanyamaza. Mama akashusha mwiko na kushusha pumzi.

"Mama, unafanya nini?"

Alishtuka, lakini hakuona haya. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akizungumza ndani ya nyumba yangu.

"Kanyamaza," alisema. "Sasa tunaweza kuongea."

"Nani kanyamaza?"

"Mumeo."

Nilimshika mkono nikamkalisha kitandani kwake. Alinieleza taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno siku nyingi. Mkwe wake amesema mwenyewe, mbele ya watu, kwamba kwa sanduku lile anajua kila kinachoendelea. Sanduku limewekwa mlangoni kwake, si mlangoni kwetu. Tangu lilipowekwa, mtu anapumua sikioni mwake. Yeye anaamini mtu huyo anasikiliza. Ndiyo maana anazima mchana, ili apige simu kwa ndugu zake bila kusikilizwa, kisha anasahau kuwasha, au anaogopa kuwasha.

"Mama, sanduku halina masikio. Ni umeme tu."

Alitoa kidude nyuma ya sikio lake, akakifuta kwa kanga, akaniwekea mimi sikioni kwa vidole vyake vigumu. "Washa," alisema.

Nikaenda nikawasha. Kwa muda hakuna kilichotokea, namba zilikuwa zinahesabu kwenye kioo. Kisha friji ikaanza kufanya kazi, na ndani ya kichwa changu kukaingia mvumo mzito wenye mikwaruzo, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Nilirudi nyuma. Mvumo ulipungua. Nikasogea kwenye mlango wa mama, ukapanda mpaka nikataka kukitoa. Friji ilipopumzika, nao ukakatika, na mahali pake pakabaki mnong'ono mdogo. Kweli ilikuwa kama pumzi. Vinyweleo vilinisimama, na jua lilikuwa linawaka nje.

Nilimrudishia. Nilijua kuna maelezo, lakini sikuwa nayo, na nilikuwa nimesikia kwa sikio langu mwenyewe.

"Umesikia," mama alisema. "Sasa nisikilize na hili. Zile plamu alizoleta mkwe wangu mwezi uliopita, alisema kanunua wapi?"

"Njia panda ya Sangasanga."

"Ni za mti wangu."

"Mama, plamu ni plamu."

"Mti ule aliupanda mama yangu. Nimekula matunda yake tangu sijaota meno ya ukubwa. Naujua ukali wake." Alikunja kanga kwenye magoti. "Nikampigia jirani yangu wa huko juu nikamuuliza. Akasema ndiyo, mkwe alipanda mlima na mgeni mwenye viatu vya mjini. Wakapima kwa hatua kutoka barabarani mpaka kwenye kijito. Jirani akadhani mimi nimewatuma."

Nilirudi shuleni lakini sikumbuki nilifundisha nini.

Mume wangu alipokuja mwisho wa wiki, sikumuuliza kitu. Nilimtazama. Nilimwona akiitikia "shikamoo mama" na heshima zake zote, mikono miwili, kichwa chini, nikajiuliza heshima hiyo inaficha nini. Simu ilipoita alitoka nayo mpaka barabarani, akaongea ameipa nyumba mgongo. Aliporudi alisema ni mtu wa kazini. Wakati wa chakula nikasema, kama mtu anayekumbuka tu, "Zile plamu zilikuwa nzuri. Ulinunua wapi vile?"

"Si nilikwambia? Sangasanga." Hata hakuinua macho kutoka kwenye sahani.

Mama alikuwa kwenye mkeka, anamenya njegere. Vidole vyake havikusimama.

Mume wangu alikuwa ameshajua kutoka kwangu kwamba mama ndiye anayezima, na kabla hajaondoka aliniambia nimpeleke hospitali akapimwe kichwa, maana kuzima mitambo ni hatari. Nilikubali kumpeleka, ila si kichwa. Nilimrudisha kwa mtaalamu wa masikio aliyempa kifaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, na jambo nililolipenda ni kwamba alizungumza na mama mwenyewe, hakuzungumza na mimi kana kwamba yeye hayupo, kama wanavyofanya wengi. Akamsikiliza habari yote, pamoja na ya mkwe. Kisha akamvua kifaa, akakigeuza, akamwonyesha kitufe kidogo upande wa nyuma.

"Bibi, hiki ulikibonyeza lini?"

"Uliniambia ni cha simu. Nilikibonyeza kabla sanduku halijaja, nizungumze na jirani yangu."

"Na baadaye ukakirudisha?"

Mama alifikiri. "Kinarudishwa?"

Mtaalamu alitabasamu. Akaeleza kwamba kitufe kikiwa hapo kilipo, kifaa kinachukua sauti za watu, na pia kinanasa nguvu ya sumaku inayotoka kwenye spika ya simu. Lakini waya wa umeme nao unatoa nguvu hiyo, na kifaa hakijui kutofautisha. Kinaigeuza kuwa mvumo. Friji ikianza, umeme mwingi unapita, mvumo unapanda. Friji ikipumzika, unashuka.

"Unachokisikia kipo kweli, bibi. Si kichwa chako."

"Kwa hiyo lile sanduku halinisikilizi?"

"Halikusikilizi. Wewe ndiye unayelisikiliza."

Mtaalamu akanigeukia, akasema hata hivyo mvumo mkubwa namna hiyo, wa nyumba nzima, si wa kawaida. Nyaya za umeme, wa kwenda na wa kurudi, zikipita pamoja, nguvu zake za sumaku huwa zinafutana. Nyumba ikivuma hivyo, huenda zimetenganishwa mahali. Alinishauri nimwite fundi afungue dari.

Tulipotoka, mama akiwa na kifaa kilichorekebishwa, alisimama getini akasikiliza pikipiki, wauza maji na kengele ya baiskeli. Nilidhani amefurahi. Kumbe alikuwa anawaza mbali zaidi yangu.

"Sauti imepata jibu," alisema. "Viatu vya mjini bado."

Jumamosi fundi alikuja, na safari hii mume wangu alikuwepo. Fundi alianza na maneno yaleyale ya kuzoeana. Mama akanyanyuka kwenye kochi. Akabonyeza kitufe mwenyewe, akavuta kanga kichwani, akaanza kutembea polepole kufuata ukuta, kichwa kimeinama upande. Sote tulimwangalia. Nilikuwa nimewasha feni na friji ili umeme upite kwenye nyaya.

"Hapa inapita," alisema, akiweka kidole ukutani juu ya mlango wake. Akasogea. "Hapa inapita." Akaingia chumbani, akatoka. "Inakwenda juu ya kitanda changu mpaka jikoni." Kisha akaja sebuleni, upande wa pili kabisa wa nyumba, akazunguka nyuma ya makabati. "Na hapa inarudi. Katikati yote ni makelele."

Fundi alimtazama mume wangu, mume wangu akamtazama fundi. "Panda," mume wangu alisema.

Alipotoa kipande cha dari, ilikuwa kama alivyosema mama. Waya wa kwenda jikoni ulipita juu ya chumba chake. Wa kurudi, fundi alikuwa ameuunganisha kwenye waya wa zamani wa taa za sola uliozunguka kupitia sebuleni, ili asivute mwingine mpya. Chumba cha mama na korido vilikuwa katikati ya kitanzi. Nikatoka na jembe nikaenda nyuma ya nyumba mahali alipotuambia kwamba amefukia waya wa ardhini. Sikuchimba sana. Kulikuwa na kipande cha waya kimechomekwa kwenye udongo, urefu wa mkono, mwisho wake haujafungwa kwenye kitu chochote. Nikakileta sebuleni nikakiweka mezani.

Mume wangu alipandisha hasira. "Ulinidanganya," alimwambia fundi. "Nilikuuliza, ukaniambia umemaliza. Watu wanatekenywa na friji, mama anaonekana amechanganyikiwa, kumbe wewe ulijua! Mtu anakuamini, unamtazama usoni unamwambia uongo."

Fundi alikuwa amesimama kwenye ngazi, nusu yake ndani ya dari.

Mama akarudi kwenye kochi lake, akakaa, akakunja mikono.

"Kweli, baba," alimwambia mume wangu kwa Kiswahili safi, polepole. "Uongo unaumiza. Na zile plamu ulinunua wapi?"

Feni iliendelea kuimba. Juu ya dari fundi hakugusa kitu. Mume wangu alifungua mdomo aseme Sangasanga, nikaona kabisa neno likifika midomoni, kisha likakwama. Alikaa chini.

"Nilizichuma kwako, mama," alisema.

Yakatoka yote, hivyohivyo mbele ya fundi. Kuna mtu wa mjini anatafuta mahali pa kujenga nyumba ndogo za wageni wanaokuja kutembea milimani. Walikutana kazini kwake. Mtu huyo alitaka mahali penye maji na mandhari. Mume wangu akafikiri kwamba mama amezeeka, hatapanda tena, mimi siwezi kuacha shule nikalime njegere, shamba litageuka pori. Akampeleka mtu kuona. Hajasaini kitu, hajapokea kitu. "Nilitaka nije kwenu na jambo likiwa limekamilika," alisema.

"Limekamilika kwa nani?" nilimuuliza. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Uliniambia mama anachanganya mambo. Ulitaka nikubali kwamba mama yangu amerukwa na akili?"

"Sikusema hivyo."

"Ulisema tuzungumze naye kabla hajaanza kuchanganya mambo."

Mama aliinua mkono akatunyamazisha. Alisema shamba si lake la kuuza wala si la mkwe la kutembeza. Lina wenyewe. Ikiwa mkwe ana wazo, alipeleke kwa mjomba wangu, kaka yake mama na mkubwa wa ukoo, akaliseme kwa mdomo wake. Kisha akainua macho kwenye dari. "Na wewe fundi, endelea na kazi."

Kazi ilichukua siku nzima. Fundi alivuta waya mpya, wa kwenda na wa kurudi pamoja, na nyuma ya nyumba akapigilia fimbo ya shaba ardhini huku mimi nimesimama kando yake nikimwangalia mpaka ikazama. Redio ikaacha kukoroma. Friji ikaacha kututekenya. Mlio wa feni ulipungua lakini haukwisha, naye akasema ni feni yenyewe. Sikujua nimwamini au nisimwamini. Mama alibonyeza kitufe akapita korido mara kadhaa, akasema sasa ni mbu mmoja, si nyuki.

Nyumba ikatulia, lakini mimi na mume wangu hatukutulia. Aliifuta ile programu kwenye simu yake mbele yangu bila kuombwa, na mimi badala ya kufurahi nikajiuliza kwa nini ameifuta. Simu yake ikiita nilisikiliza kama anatoka nje. Hakutoka tena. Aliongea hapohapo, kwa sauti, na hata hilo nililiona la kujionyesha. Kwa mpangaji nilipeleka jagi la mtindi, akalipokea, akaniuliza kama mwizi wa umeme niliyempata ni pasi au ni hita ya maji. Tukacheka kidogo, tukaishia hapo.

Shule zilipofungwa tulipanda Mgeta watatu. Mama alikuwa ameamua kurudi kwake. Masikio yalikuwa yamepona vya kutosha, alisema, na huko hakuna waya wa kumpigia kelele. Mjomba alitupokea kwenye baraza, akamsikiliza mume wangu mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Akauliza mgeni huyo anaitwa nani, ukoo wake wapi, na mgeni huyo amemwambia nani mwingine habari za ardhi hii. Mume wangu alijibu mawili ya kwanza. La tatu alisema hajui. Mjomba akasema hapana, kwa adabu, na chai ikaletwa. Mume wangu alikunywa yake akiwa ameinamisha uso. Niliona ameumia, nikaona pia kwamba amefika pale na kusema mwenyewe, jambo ambalo wengi wangelikwepa.

Baada ya chai tulishuka shambani. Kwenye matuta, katikati ya magugu, kulikuwa na vigingi vya miti kama vya wapima ardhi, vimepigiliwa kwa mstari kutoka barabarani kuelekea kijitoni, kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu juu.

Tulisimama.

"Hivi si vyangu," mume wangu alisema. "Naapa, mke wangu. Sijui ni vya nani."

Nilimtazama usoni kwa muda mrefu. Uso wa mtu niliyeishi naye miaka yote hii, na sikuweza kusoma kilichoandikwa. Mama hakumtazama. Aliweka kikapu chini, akafunga kanga kiunoni, akashika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili na kukitikisa mpaka kikatoka. Akaenda kwenye cha pili. Mume wangu alivua koti akaanza upande wa chini, kwenye kijito, akapanda kumfuata. Nilikusanya walivyong'oa nikavibeba begani hadi jikoni kwa mama, nikavifungua vitambaa nikavitupa motoni kwanza, kisha nikapanga miti ile juu ya makaa na kuinjika sufuria ya viazi.